Maswali ya Wasomaji: Timu Inapohamia Git

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa timu ndogo zinazoandika programu pamoja na zilizochoka kutumiana zipu, sasa zinahamia Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la faili za mradi. Tumechagua zile zenye maswali yanayojirudia. Amri zilizomo humu huandikwa kwenye dirisha la amri, ndani ya folda ya mradi. VS Code na vihariri wenzake wana vitufe vya nyingi kati ya hizo, lakini zoeeni kwanza kuziandika kwa mkono, maana siku mambo yakiharibika kitufe hakisemi kilifanya nini.

Tuko wanne, tunatengeneza mfumo wa ada za shule kwa Laravel (kiunzi cha PHP). Kila mtu ana nakala yake kwenye laptopu, tunatumiana zipu kwa WhatsApp, na mmoja wetu ndiye anayepakia kwenye seva. Mwezi jana kazi ya mwenzetu ilifutika mwingine alipopakia ya kwake. Tumekubaliana kuhamia Git. Tuanzie wapi, na nakala ya nani iwe ndiyo mwanzo?
*Msomaji, Mwanza*

Isiwe ya yeyote kati yenu. Mwanzo uwe nakala iliyoko kwenye seva, ile ambayo shule zinaitumia leo. Timu nyingi huanza na laptopu ya kiongozi wao, halafu siku ya kwanza kupakia kutoka Git wanagundua seva ilikuwa na marekebisho kadhaa yaliyofanywa huko huko usiku wa dharura. Hapo yameshafutika.

Basi pakueni folda nzima kutoka kwenye seva, muiweke kwenye laptopu moja. Kabla ya komiti ya kwanza, yaani kabla ya kuhifadhi hali ya kwanza ya mradi kwenye historia ya Git, tengenezeni faili inayoitwa `.gitignore`, inayoiambia Git mafaili ya kuyaacha, iwe na angalau mistari hii:

```
/vendor
/node_modules
/public/storage
.env
*.log
*.sql
*.zip
```

Folda ya `vendor` (maktaba za PHP) hujengwa upya na Composer, chombo cha kuzisakinisha, kwa kufuata `composer.lock`. Kwa hiyo `composer.lock` inaingia Git, `vendor` haiingii. Mstari wa `*.sql` tumeuweka kwa sababu nakala za hifadhidata huachwa ovyo ndani ya mradi, na zenu zina majina ya wanafunzi na simu za wazazi. Kumbukeni pia kwamba GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, hukataa faili moja inayozidi MB 100, na faili kubwa ikishaingia kwenye historia, kuifuta kwenye folda hakupunguzi ukubwa wa repo (mradi pamoja na historia yake).

Sasa anzeni:

```
git init -b main
git add .
git status
git commit -m "Nakala iliyoko kwenye seva"
git tag seva-mwanzo
```

Msiiruke `git status`. Isomeni mstari kwa mstari, mkiona `.env` (faili ya nywila na funguo za mfumo) humo, simameni mrekebishe `.gitignore` kabla ya kukomiti. Amri ya kwanza inahitaji Git 2.28 au mpya zaidi. Kila mmoja aweke jina na barua pepe yake kwa `git config --global user.name` na `user.email`, la sivyo historia yenu itajaa "admin" na "user", na hamtajua aliyeandika nini.

Fungueni repo tupu ya faragha kwenye GitHub, GitLab au Bitbucket. Iwe tupu kweli: mkikubali iwekewe faili ya README, itakuwa na historia yake na mkituma yenu itakataliwa. Kwenye GitHub repo za faragha ni bure kwa timu ya ukubwa wowote tangu Aprili 2020. Nenosiri la akaunti halipokelewi tena kwenye amri za Git tangu 13 Agosti 2021, kwa hiyo kila mtu atengeneze ufunguo wake kwa `ssh-keygen -t ed25519`, kisha aweke kwenye akaunti yake yaliyomo kwenye faili inayoishia na `.pub`. Ile nyingine isiyo na `.pub` haitoki kwenye laptopu. Halafu:

```
git remote add origin git@github.com:timu/ada-za-shule.git
git push -u origin main
```

Inabaki kazi iliyolala kwenye laptopu za wengine, na hapa ndipo pagumu. Kila mmoja achukue repo kwa `git clone` kwenye folda mpya, aanzishe tawi, yaani mstari wake wa kazi pembeni ya `main` ambalo ndilo tawi kuu, mathalani `git switch -c risiti-za-wazazi`, kisha anakili mafaili ya folda yake ya zamani juu ya yale mapya. Akiandika `git diff` ataona tofauti zote kati ya kazi yake na seva. Asizikomiti zote! Nakala yake ni ya zamani, kwa hiyo baadhi ya tofauti hizo si kazi yake bali ni marekebisho ya wenzake yanayorudishwa nyuma. Hicho ndicho kilichowapata mwezi jana. Atumie `git add -p`, ambayo humwonyesha kipande kimoja kimoja: `y` kukichukua, `n` kukiacha. Faili mpya kabisa hazionekani hapo, aziongeze kwa majina kwa `git add`. Akishakomiti, `git restore .` huondoa mabaki.

Unganisheni tawi moja baada ya jingine, na kila baada ya moja mfungue mfumo muone unafanya kazi. Anayefuata avute kwanza `main` mpya kwenye tawi lake. Folda za zamani zifungwe kwenye zipu, zitolewe mahali kihariri hufungua chenyewe; wengi huendelea kuandika kwenye folda ya zamani siku mbili bila kujua. Na tangu siku hiyo hakuna anayehariri faili kwenye seva, hata koma moja.

Hamjambo wahariri? Kwetu kila msanidi ana tawi lake, tunaunganisha kazi ikiisha, yaani baada ya wiki tatu hivi. Siku hiyo ni vita. Mara ya mwisho tulimaliza migongano yote, Git ikasema kila kitu kiko sawa, lakini hesabu ya makato ikawa imeharibika. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Wiki tatu ndizo zinazowaumiza. Git inapounganisha huangalia vitu vitatu: tawi lako, tawi linaloingia, na komiti ya mwisho ambayo matawi yote mawili yanatokana nayo. Kadiri komiti hiyo inavyozeeka ndivyo mistari iliyoguswa na pande zote mbili inavyoongezeka, na anayeamua mgongano ameshasahau kwa nini aliandika alichoandika.

Tawi liishi siku moja, mbili zikizidi. Lipewe jina la kazi, maana tawi lenye jina la mtu halifiki mwisho. Kazi ikiwa kubwa ikateni: leo jedwali jipya, kesho fanksheni zinazolisoma, keshokutwa skrini, na kila kipande kiingie `main` kikiwa kimezimwa kwa swichi kwenye mipangilio mpaka vyote vikamilike. Kila asubuhi, ukiwa kwenye tawi lako:

```
git fetch
git merge origin/main
```

Mgongano ukitokea utakuwa wa mistari michache, na aliyeandika upande wa pili bado anakumbuka. Muulize.

Kuhusu kutatua mgongano wenyewe, washeni mpangilio huu, unaopatikana kuanzia Git 2.35:

```
git config --global merge.conflictStyle zdiff3
```

Sasa mgongano utaonekana hivi:

```
<<<<<<< HEAD
$makato = $jumla * 0.02;
||||||| a41c9e2
$makato = $jumla * 0.01;
=======
$makato = max(500, $jumla * 0.01);
>>>>>>> kiwango-cha-chini
```

Juu ni yako, chini ni ya tawi linaloingia, katikati ni ilivyokuwa kabla hamjagusa. Bila mstari ule wa katikati mtu huchagua upande mmoja na kuendelea. Ukiusoma unaona wazi: wewe ulipandisha makato kutoka asilimia 1 hadi 2, mwenzako aliongeza kiwango cha chini cha shilingi 500. Mstari sahihi haupo upande wowote. Ni huu: `$makato = max(500, $jumla * 0.02);`. Uandike, futa alama zote, kisha `git add` na `git commit`. Vile vitufe vya kukubali upande mmoja vingekupa hesabu mbovu bila kelele yoyote. Ukiona umechanganyikiwa katikati ya kazi, `git merge --abort` hukurudisha ulikokuwa, na hupotezi kitu kilichokuwa kimeshakomitiwa.

Faili zinazoandikwa na chombo chenyewe, kama `package-lock.json` ya npm (kisakinishi cha maktaba za JavaScript), msizitatue kwa mkono. Ukiwa unaleta `main` kwenye tawi lako, chukua ya `main` kwa `git checkout --theirs package-lock.json`, kisha endesha `npm install` iandikwe upya, halafu uiongeze na kukomiti.

Sasa ile hesabu. Git hulinganisha mistari, haielewi programu. Mmoja wenu akibadilisha fanksheni ya `hesabuMakato()` ipokee shilingi badala ya senti, na mwingine kwenye faili nyingine akaiita kwa senti, hakuna mstari uliogongana. Muunganiko utapita kimya. Kinga ni majaribio yanayojiendesha kila ombi la kuunganisha (pull request) linapofunguliwa. GitHub Actions na GitLab CI hufanya hivyo. Msisubiri mpaka muwe na majaribio ya mfumo mzima. Anzeni na ya sehemu zinazogusa pesa, hata yakiwa kumi tu, na tawi lisiingie `main` yakiwa mekundu, yaani yakiwa yameshindwa. Mtu wa pili asome kila ombi kabla ya kuunganishwa. Ombi la mistari mia mbili husomwa kweli; la mistari elfu mbili hupitishwa kwa macho.

Assalamu alaykum. Ujumbe wa komiti tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Pili, mkuu wetu anataka kuhesabu komiti za kila mtu mwishoni mwa mwezi ili apime kazi. Mwasemaje?
*Msomaji, Zanzibar*

Waalaykumu salaam. Lugha yoyote ambayo timu nzima inaisoma bila taabu, mradi iwe moja. Kama kesho mtaajiri watu wasiojua Kiswahili, lifikirieni hilo leo. Linalotupwa zaidi ni sababu. "Nimerekebisha" haimsaidii mtu. Kilichobadilika kinaonekana kwenye tofauti, lakini kwa nini kilibadilika hakionekani popote pengine. Mstari wa kwanza uwe mfupi, kama herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu, kisha maelezo:

```
Zuia risiti mbili za malipo yale yale

Mtandao ukikatika taarifa ya malipo hutumwa tena,
nasi tulikuwa tunairekodi upya. Sasa namba ya muamala
haiwezi kujirudia kwenye jedwali la malipo.
```

Mwaka ujao mtu akiuliza kwa nini namba ya muamala imezuiwa kujirudia, `git blame`, inayoonyesha kila mstari ulitoka kwenye komiti ipi, itampeleka moja kwa moja kwenye maneno haya.

La pili, mwambieni mkuu wenu kwa heshima zote kwamba hesabu hiyo itaharibu kazi. Atakayepimwa kwa komiti ataigawa kazi ya saa moja kwenye komiti ishirini, na aliyeshinda siku nzima akitafuta kosa la mstari mmoja ataonekana mvivu.

Mimi natumia Windows, mwenzangu Mac. Nikibadilisha mstari mmoja, yeye anaona faili nzima imebadilika. Tena kuna ukurasa unaofunguka vizuri kwangu lakini kwenye seva unasema faili haipo, na faili ninaiona!
*Msomaji, Mombasa*

Hayo ni matatizo mawili tofauti, yote ya mifumo ya kompyuta kutofautiana.

La kwanza ni alama isiyoonekana ya mwisho wa mstari. Windows huweka alama mbili, CR na LF. Mac na Linux huweka LF peke yake. Kihariri kikizigeuza, kwa Git kila mstari ni mpya. Mtu mmoja kurekebisha mipangilio ya laptopu yake hakutoshi, wekeni kanuni ndani ya repo yenyewe kwa faili ya `.gitattributes`:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Kisha, siku ambayo hakuna tawi lililo wazi, mmoja wenu aendeshe `git add --renormalize .` na kukomiti hiyo peke yake, isichanganywe na kazi nyingine. Mstari wa `*.sh` msiusahau: hati ya Bash yenye alama za Windows ikifika kwenye seva ya Linux hukataa kuendeshwa, ikilalamikia `/bin/bash^M`.

La pili ni herufi kubwa na ndogo. Windows, na Mac kwa mipangilio ya kawaida, huchukulia `Mteja.php` na `mteja.php` kuwa faili moja. Linux huziona mbili. Msimbo wako unaita `Mteja.php`, Git inahifadhi `mteja.php`, kwako inafunguka, kwenye seva haipo. Ukibadilisha jina kwa kipanya, Git ya Windows huenda isione badiliko lolote. Lipitishe jina katikati:

```
git mv mteja.php mteja-muda.php
git mv mteja-muda.php Mteja.php
git commit -m "Rekebisha herufi ya jina la faili ya Mteja"
```

Nilituma GitHub faili ya `.env` yenye funguo za malipo ya simu na nenosiri la hifadhidata. Nikaifuta, nikakomiti tena, sasa haionekani. Nimesalimika?
*Msomaji, Arusha*

Hapana, na tafadhali usimalizie kusoma kabla hujafanya jambo moja: ingia kwa mtoa huduma wa malipo, ufute funguo hizo na uchukue mpya. Kisha badilisha nenosiri la hifadhidata. Komiti ya kufuta huondoa faili kwenye hali ya leo; komiti ya jana bado inayo, na yeyote mwenye repo anaisoma kwa `git log -p -- .env`. Kama repo ilikuwa wazi kwa umma hata dakika chache, chukulia kwamba funguo zimeshasomwa. Kuna programu zinazochungulia GitHub usiku na mchana zikitafuta hivyo tu.

Funguo zikishabadilishwa, kusafisha historia kunaweza kusubiri jioni. Chombo kinachofaa ni `git filter-repo`, kinachosakinishwa peke yake. Chukua nakala mpya kwa `git clone`, ndani yake endesha:

```
git filter-repo --path .env --invert-paths
```

Chombo hiki kitaondoa kiungo cha `origin` kwa makusudi, usije ukatuma bila kufikiri. Kirudishe, kisha utume kwa `git push --force --all` na `git push --force --tags`. Kuanzia hapo namba za komiti zote zilizofuata baada ya ile yenye siri zimebadilika. Wenzako wote wafute nakala zao na kuchukua upya. Mmoja tu akivuta na kuunganisha kwa nakala ya zamani, historia yenye siri inarudi na kazi yako imekwenda bure. Nakala zilizochukuliwa na akaunti nyingine, na kurasa za maombi ya zamani ya kuunganisha, hazisafishiki kwa amri hii. Ndiyo sababu kubadilisha funguo kunatangulia.

Kuongeza `.env` kwenye `.gitignore` hakutoshi kwa faili ambayo Git inaifuatilia tayari. Iondoe kwenye ufuatiliaji kwa `git rm --cached .env`, yenyewe itabaki kwenye diski yako. Weka badala yake `.env.example` yenye majina ya funguo bila thamani zake, ili msanidi mpya ajue anachotakiwa kujaza.

Kwa kuwa tumefika hapa: fungua kivinjari, andika anwani ya tovuti yako na umalizie na `/.git/HEAD`. Ukiona maneno `ref: refs/heads/main`, folda ya Git iko wazi na mtu wa nje anaweza kupakua msimbo wako wote pamoja na historia. Kwa Laravel, elekeza tovuti kwenye folda ya `public` badala ya folda nzima ya mradi.

Tuko watatu mjini na wawili visiwani ambako mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali. Git itatufaa kweli?
*Msomaji, Kigoma*

Itawafaa kuliko mnavyofanya sasa. Kukomiti, kufungua matawi, kusoma historia na kulinganisha, vyote hufanyika kwenye laptopu bila mtandao wowote. Mtandao unahitajika wakati wa kutuma na kuvuta tu, na hapo Git hupeleka tofauti zilizobanwa. Siku ya kazi ya kawaida ya msimbo mara nyingi haizidi kilobaiti kadhaa. Kinachokula bando ni `npm install` na `composer install`, si Git.

Kwa wanaoanza na repo kubwa, `git clone --filter=blob:none` huleta historia yote bila yaliyomo ya zamani, kisha huyachota yakihitajika. Ubaya wake ni kwamba ukisoma historia ya faili ukiwa nje ya mtandao utakwama.

Mtandao usipokuwepo kabisa, tumieni flashi. Mjini:

```
git bundle create ada.bundle --all
```

Ni faili moja yenye repo nzima. Visiwani wanaipokea kwa `git clone -b main ada.bundle ada`. Safari inayofuata hakuna haja ya kubeba yote. Kama mliweka alama ya `safari-1` (kwa `git tag`) kwenye komiti ya mwisho waliyonayo:

```
git bundle create safari-2.bundle safari-1..main
```

Wao wanaendesha kwanza `git bundle verify safari-2.bundle`, ambayo huwaambia kama wana komiti zinazotangulia, kisha `git pull safari-2.bundle main`. Kazi yao inarudi kwa njia hiyo hiyo.

Wale watatu mnaokaa ofisi moja hamna haja ya kutoka nje ya ofisi kubadilishana kazi. Kompyuta yoyote yenye Linux na SSH inatosha kuwa seva: `git init --bare ada.git`, kisha kila mtu anaielekeza kwa anwani yake ya ndani. Jioni mtandao ukitulia, mmoja anatuma kwenda GitHub iwe akiba. Jambo la kuepuka ni kuweka folda ya repo ndani ya Google Drive au Dropbox. Huduma hizo husawazisha faili moja moja, Git inategemea faili za ndani ya `.git` zibadilike pamoja, na laptopu mbili zikiandika kwa wakati mmoja repo huharibika.

Nimeandika `git reset --hard` na komiti za siku mbili zimepotea. Kuna namna?
*Msomaji, Kampala*

Ipo, usiguse kingine. Andika `git reflog`; utaona orodha ya kila mahali tawi lako lilipowahi kuwa. Tafuta namba ya komiti ya kabla ya `reset`, tuseme `7be02d1`, kisha `git branch okoa 7be02d1`. Komiti zako ziko kwenye tawi la `okoa`. Kwa mipangilio ya kawaida, Git huzitunza komiti zilizoachwa namna hiyo siku 30 kwenye orodha ile. Orodha hiyo iko kwenye laptopu yako pekee, kwa hiyo usifute folda ukachukua upya ukidhani unajisaidia.

Mabadiliko ambayo hukuwa umeyakomiti wala kuyapitisha kwa `git add`, hayo Git haikuwahi kuyaona. Jaribu historia ya ndani ya kihariri chako.

Msimbo tumeuweka Git, lakini hifadhidata inatutesa. Mmoja anaongeza safu kwenye jedwali kwenye laptopu yake, wengine wakivuta kazi mfumo unakataa. Na juzi tulirudisha toleo la nyuma kwenye seva, likawa baya zaidi.
*Msomaji, Morogoro*

Git inatunza faili, na jedwali si faili. Kila badiliko la muundo wa hifadhidata liandikwe kama faili ya uhamisho (migration), yenye maagizo ya kubadilisha majedwali, na liingie kwenye komiti ile ile yenye msimbo unaolihitaji. Laravel, Django na Rails zinazo tayari. Kwa PHP ya kawaida tosheka na folda ya faili za SQL zenye namba, pamoja na jedwali dogo linaloandika zipi zimeshaendeshwa. Kama `.gitignore` yenu ina `*.sql`, wekeni chini yake mstari wa `!/uhamisho/*.sql` ili folda hiyo isitupwe. Anayevuta kazi anaendesha uhamisho, basi.

Faili ya uhamisho iliyokwisha kuendeshwa na mtu mwingine haihaririwi tena. Kwake imeshapita, haitarudiwa, na jedwali lake litatofautiana na lako milele. Andika mpya inayorekebisha.

Matawi yana mtego wake hapa. Laravel huendesha faili ambazo hazijaendeshwa kwa kufuata mpangilio wa majina, na majina huanza na tarehe. Tawi lililoanzishwa Jumatatu likiunganishwa Ijumaa, baada ya tawi la Jumatano kufika kwenye seva, uhamisho wa Jumatatu utaendeshwa wa mwisho huko. Kwenye laptopu ya msanidi mpya utaendeshwa wa kwanza. Kama zote mbili zinagusa jedwali moja, mmoja kati yao atapata kosa ambalo mwingine hawezi kuliona. Kabla ya kuunganisha, badilisha tarehe kwenye jina la faili ambayo bado haijatoka kwenye tawi lako, kisha jenga hifadhidata upya tangu sifuri kwa `php artisan migrate:fresh` kwenye laptopu. Amri hiyo hufuta majedwali yote. Isifike kwenye seva.

Kuhusu kurudi nyuma: kurudisha toleo la nyuma kulirudisha msimbo, hifadhidata ikabaki mbele, na msimbo wa zamani ukakutana na jedwali usilolijua. Dawa ni kugawa badiliko kwenye matoleo. Mfano mnataka safu ya `simu` igeuke `simu_ya_mzazi`. Toleo la kwanza linaongeza safu mpya inayoruhusu kuwa tupu, na msimbo unaandika kwenye zote mbili. Toleo la pili linanakili data ya zamani na kuanza kusoma safu mpya. Toleo la tatu, wiki moja au mbili baadaye, linaacha kuandika kwenye safu ya `simu`, na hiyo safu inafutwa kwenye toleo la nne. Mpaka hatua ya pili mnaweza kurudisha msimbo wa nyuma kwa dakika tano bila kugusa hifadhidata. Kabla ya hatua ya kufuta, chukueni nakala ya jedwali kwa `mysqldump` na muihifadhi nje ya repo.